Naomba ushauri: springi za kushusha Benz W124 kwa barabara za Arusha

Wakuu, heshima kwenu. Nina Mercedes E220 ya 1994, W124, bodi safi na injini haina shida. Nataka ishuke kama milimita 30 tu, ule uwazi kati ya tairi na bodi upungue. Sitaki ilale chini kabisa.

Nimeangalia springi za H&R na Eibach, kampuni zote za Ujerumani. Aliyewahi kuzifunga, zipi zinabaki laini? Raha ya gari hii ni ulaini wake, nikiupoteza sioni faida. Na barabara ya kwenda Moshi mnaijua, matuta hayaishi.

Fundi mmoja anasema tukate springi za zamani. Hapo nimegoma. Ukikata inakuwa ngumu na haikai sawasawa kwenye kiti chake. Ukiichoma moto ndiyo kabisa, chuma kinalegea.

Kinachoniumiza kichwa ni mbele. W124 springi haijavaa kwenye shokapu, imesimama peke yake juu ya mkono wa chini unaoshikilia gurudumu, na kuitoa salama kunahitaji kibanio kinachoingia katikati ya springi. Ikifyatuka inaua mtu. Kuna gereji Arusha au Moshi yenye hicho kifaa?

Halafu zile raba za juu ya springi, zina vinundu kimoja hadi vinne, vikiongezeka raba inakuwa nene. Zangu zina vitatu. Nikianza na za kinundu kimoja bila kubadilisha springi, tofauti itaonekana? Na shokapu nibadilishe zote kwa pamoja?