Re: Maandamano ya bomba la mafuta tukiwa na viza ya mwanafunzi

Kutoka: mwanafunzi, Sheffield

Shikamooni wakubwa. Wanafunzi wa Kitanzania na Kiganda hapa chuoni tunaandaa igizo la mtaani kuhusu bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Wenzetu Waingereza wanataka turushe unga wa rangi kwenye ngazi za benki, kisha tulale barabarani. Wengi wetu tuko hapa kwa viza. Mpaka uko wapi?

Kutoka: wakili, London

Marahaba mwanangu. Nasemea England na Wales tu, Scotland ina sheria zake.

Kusimama mahali pamoja na mabango hakuhitaji kibali wala taarifa. Msafara ndio unaotaka taarifa ya maandishi kwa polisi siku 6 kamili kabla: tarehe, saa ya kuanza, njia, jina na anwani ya mwandaaji. Taarifa isipotolewa anayeshtakiwa ni mwandaaji, kwa hiyo jina liwe la mwenye uraia. Ofisa akiwatamkia sharti hapo hapo (ondokeni upande huu, malizeni saa fulani), litiini kwanza, ubishi mtaufanya baadaye kupitia wakili.

Unga wa rangi msiuguse. Watu hudhani kinachooshwa na maji si uharibifu. Katika kesi ya Hardman ya 1986, michoro ya rangi ya maji kwenye njia ya waenda kwa miguu ilihesabiwa uharibifu kwa sababu halmashauri ililazimika kulipia usafi. Waliorusha unga wa mahindi wa rangi ya chungwa Stonehenge, Juni 2024, waliachiwa huru na baraza la mahakama (jury, raia wa kawaida wanaoamua kesi), ila ilichukua zaidi ya mwaka. Kesi iliyo wazi kwa muda huo inaweza kukwamisha ombi lako la kuongeza viza hata kama mwishoni utashinda. Kulala barabarani nako: tangu 2022 kuziba njia kunaweza kuleta kifungo, zamani ilikuwa faini. Na tangu 2023, kukutwa na gundi kali, mnyororo au kufuli kwa nia ya kujifunga mahali ni kosa peke yake, hata kama hujajifunga.

Waliomwagia supu ya nyanya kioo cha mchoro wa Van Gogh jijini London, Oktoba 2022, walihukumiwa mmoja miaka 2, mwingine miezi 20. Mchoro haukuguswa, fremu ndiyo iliyoharibika. Raia akimaliza kifungo anarudi kwao. Mgeni aliyehukumiwa miezi 12 au zaidi anaingia kwenye utaratibu wa kufukuzwa nchini, na hilo wenzenu hawalifikirii wanapowaita mstari wa mbele.

Ukikamatwa: wakili kituoni ni bure kwa kila mtu, bila kujali kipato wala uraia, na mkalimani pia ni bure. Kabla ya wakili kufika, jibu liwe "no comment" (sina la kusema), pamoja na yale maongezi ya kirafiki ndani ya gari la polisi. Usiku wa manane utaambiwa ukubali "caution" (onyo rasmi la polisi) uende ukalale. Hiyo ni kukiri kosa. Utaitaja kwenye kila fomu ya viza ya Uingereza, na fomu ya Marekani huuliza hata kama uliwahi kukamatwa tu. Usitie sahihi bila wakili.

Kutoka: mshauri wa wanafunzi, Leeds

Niongeze upande wa chuo, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Nidhamu ya chuo haisubiri polisi. Ukisimamishwa masomo, chuo kikaacha kukudhamini, kinaripoti Home Office (wizara ya mambo ya ndani) ndani ya siku 10 za kazi, na kwa kawaida viza hufupishwa ikabaki siku 60. Halafu vyuo kadhaa vimechukua zuio la mahakama dhidi ya kupiga kambi au kukalia majengo. Kulivunja ni kuidharau mahakama. Kabla ya kuchagua uwanja, tafuteni tangazo la zuio kwenye tovuti ya chuo na kwenye malango.

Pasipoti iacheni nyumbani. Viza sasa ni ya mtandaoni.

Kutoka: fundi wa majukwaa, Bristol

Badala ya unga, tengenezeni bomba lenyewe la kitambaa. Nunueni mita 24 za kitambaa cheusi chepesi chenye upana wa mita 1.5, mkate vipande viwili vya mita 12, muviunge ubavu kwa ubavu viwe bomba la mita 12. Pete za plastiki za kuzungusha kiunoni za kipenyo cha sentimita 80, tisa, moja kila mita 1.5, kila pete na mbebaji wake. Herufi za njano za sentimita 30 husomeka vizuri kutoka mita 35 hivi. Msizibe ncha: likijaa upepo linawaburuta. Kateni matundu ya kutolea upepo upande wa chini. Jaribuni kona mapema, na muache njia ya kiti cha magurudumu.

Bomba halisi litapashwa joto la nyuzi 50 hivi kwa sababu mafuta ya Uganda huganda. Fungeni ndani chupa za mpira za maji ya moto, nusu yaliyochemka na nusu ya baridi, mpita njia aguse mwenyewe. Hapo mazungumzo yanaanza.

Kutoka: mtafiti wa nishati, Brussels

Hakikisheni ni benki gani. Mikopo ya awamu ya kwanza ya bomba iliyotangazwa Machi 2025 iliwataja Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic ya Uganda, KCB Uganda na ICD (shirika la Kiislamu la kukopesha sekta binafsi). Standard Chartered ya London ni benki nyingine kabisa, na bango lililochanganya majina hayo linawapotezea hoja yote.

Kwenye mdahalo msianze na kaboni. Bomba lina kilomita 1,443, na 1,147 ziko Tanzania. Mtu wa Tanga atawauliza kuhusu ajira, na ana haki. Anzeni na wakulima waliokatazwa kupanda mazao ya kudumu baada ya ardhi yao kufanyiwa tathmini, wakasubiri fidia kwa miaka. Hilo atalisikiliza hata anayelitaka bomba.

Kutoka: mwanafunzi, Sheffield

Asanteni sana. Namba ya wakili tuiweke wapi kama simu zitachukuliwa?

Kutoka: wakili, London

Kwenye mkono, juu ya kiwiko, kwa kalamu ya wino usiofutika. Kiganja hutoka jasho.