Filta ya kanista, tangi la lita 200: ni ndogo au imeziba?

Swali
Wakuu, tangi lina lita 200 na samaki wa dhahabu wanne. Filta ni ya kanista (kopo lililofungwa, lenye pampu na hosi za kuleta na kurudisha maji), imeandikwa lita 1,000 kwa saa, iko kabatini chini ya tangi. Mwanzoni ilisukuma vizuri, sasa maji yanatoka kinyonge na ikiwashwa inanguruma. Ninunue kubwa zaidi?

Jibu 1
Usinunue kwanza. Wengi huchagua filta yenye namba mara 4 hadi 6 ya ujazo wa tangi, yaani 800 hadi 1,200 kwako, kwa hiyo ya kwako inatosha. Ila namba ya boksi hupimwa vikapu vya ndani ya filta vikiwa vitupu. Ukiweka sponji na kauri, kushuka hadi karibu nusu si ajabu.

Pima mwenyewe: elekeza hosi ya kurudishia kwenye ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde. Sekunde 60 ni lita 600 kwa saa. Mdomo wa hosi uwe usawa wa maji ya tangi. Ukiuteremsha sakafuni, mteremko unaisaidia pampu na utajidanganya.

Jibu 2
Naongezea kwenye kuziba. Wengi huosha sponji na kusahau hosi, na humo ndimo utelezi hujijenga. Pitisha brashi ndefu, hasa kwenye viungo.

Mngurumo una sababu mbili kuu. Ya kwanza ni hewa: inamisha kanista huku na huku ikiwa inafanya kazi mpaka mapovu yaishe. Isipokoma, chomoa umeme, toa impela (kipanga kidogo cha pampu kinachozunguka na kusukuma maji), usugue nafasi yake kwa mswaki. Angalia kijiti cha kauri katikati. Hukatika kirahisi, na kikiwa na ufa impela itayumba daima.

Sponji na vipete vya kauri suuza kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, kamwe si ya bomba. Klorini huua bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Vipete usivisugue hadi ving'ae, na usibadilishe vyote siku moja. Sponji laini ya mwisho ndiyo ya kutupa.

Jibu 3
Mpangilio nao uangalie. Kanista nyingi maji hupanda kutoka chini, basi sponji ya matundu makubwa ikae chini, kauri katikati, laini juu. Ukigeuza, laini itaziba ndani ya siku chache.

Mpira wa kifuniko upake grisi ya silikoni, si mafuta ya mgando ya kujipaka. Hayo huufanya mpira uvimbe, halafu unavuja.

Umeme ukikatika saa nyingi, usiwashe tu. Bakteria waliofungiwa bila oksijeni hufa, na maji yaliyooza humwagika yote tangini. Fungua, mwaga, suuza, ndipo uwashe.

Mwenye swali
Ndoo ilijaa kwa sekunde 95, kama lita 380 kwa saa. Baada ya kusafisha hosi na impela, sekunde 58. Mngurumo umebaki kidogo asubuhi tu.

Jibu 2
Hapo tazama mdomo wa kunyonyea. Kama jiwe la hewa (linalotoa mapovu tangini) liko karibu nao, filta inakunywa mapovu. Lisogeze upande wa pili.