Nimekusanya data miaka miwili, jina langu limewekwa kwenye shukrani. Nianzie wapi?

Mdodosaji (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa waliopita kwenye utafiti, maana nina siku tano tu za kujibu barua pepe iliyo mbele yangu.

Mimi ni msimamizi wa timu ya uwandani kwenye mradi wa homa kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto tunamtoboa kidole, tone la damu tunalikausha kwenye karatasi maalumu, kisha tunamhoji mzazi kuhusu gharama: nauli, dawa, siku za kazi zilizopotea, alichouza ili mtoto atibiwe. Fedha zinatoka nje na mtafiti mkuu yuko chuo kikuu cha nje. Sisi tunaitwa washirika.

Kazi yangu haikuwa kutembea na karatasi tu. Dodoso lilikuja na swali: "Kaya yenu hupata kiasi gani kwa mwezi?" Siku tulipolijaribu, mzee mmoja aliniangalia akaniuliza, "Mwezi upi?" Alikuwa anauliza kwa dhati. Mkulima hahesabu mwezi, anahesabu msimu. Nilikesha siku mbili nikaandika upya sehemu nzima ya kipato, maswali yote yakaanza na "tangu mavuno yaliyopita". Nikaituma, ikapitishwa bila kuguswa neno.

Wiki hii nimeletewa rasimu ya makala "kwa taarifa". Waandishi ni 9. Mimi nimo kwenye shukrani, mstari wa mwisho. Na kwenye barua hiyohiyo naambiwa nifunge sampuli zilizobaki zipelekwe maabara ya nje "kwa uchambuzi zaidi", nisaini fomu ya makabidhiano.

Kinachoniuma zaidi ni mama mmoja ambaye mwanawe tumemtoboa kidole mara nne. Kila tukifika ananiuliza, "Majibu yetu lini?" Kila mara namjibu bado.

Je, nina haki ya kuwa mwandishi? Sampuli nizifunge? Mkataba wangu unaisha baada ya miezi mitatu, na hapa ndipo ninapopata riziki.

Karatasi_na_Kalamu

Pole sana mkuu. Kwanza, leo usijibu chochote. Barua iliyoandikwa na mtu mwenye hasira hukaa kwenye sanduku la mwenzako miaka mingi.

Pili, kuna jambo hutapenda kulisikia: kukusanya data peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Majarida mengi ya tiba yanafuata vigezo vinne vya kamati ya kimataifa ya wahariri wao, ICMJE. Uwe umechangia kwa uzito kwenye wazo, usanifu, ukusanyaji wa data au uchambuzi. Uwe umeandika rasimu au umeihakiki kwa maana. Uwe umeidhinisha toleo la mwisho. Na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Ukikosa kimoja, unaenda kwenye shukrani.

Wengi wakifika hapo wanakata tamaa. Ila mwongozo huohuo unasema kwamba kila aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika, kuhakiki na kuidhinisha. Maana yake si halali mtu akunyime rasimu hadi dakika ya mwisho kisha akwambie hukuandika. Wewe kigezo cha kwanza unacho, na sehemu ya kipato ndiyo ushahidi wako. Ile barua pepe uliyotuma na sehemu mpya ya dodoso bado unayo?

Mdodosaji

Ninayo, ikiwa na tarehe na kiambatisho. Na jibu lao la "tumekubali, endelea".

Karatasi_na_Kalamu

Basi usiombe jina. Omba nafasi ya kuhakiki rasimu, ukitaja mchango wako na tarehe yake. Ukishahakiki, jina linafuata kwa utaratibu, na asiyetaka kuliweka ndiye atakayehitaji kueleza kwa nini.

Mtu_wa_Maabara

Mimi nizungumzie sampuli, kwa sababu watu wanapigania jina na kusahau jokofu. Kaka, usifunge hata bahasha moja kabla hujaona mkataba wa kuhamisha sampuli. Fomu ya makabidhiano inaonyesha tu nani kapokea nini. Mkataba ndio unaosema sampuli ni za nani, zitapimwa nini, zitakaa muda gani, zitateketezwa au zitarudi, na kikipatikana chochote cha thamani nani atanufaika.

Historia ipo. Mwaka 1976 daktari Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alikwenda Yambuku, Zaire ya wakati ule (Kongo ya Kinshasa ya leo), kuchunguza ugonjwa usiojulikana. Alitoa damu wagonjwa kwa mikono mitupu. Akaondoka na mtawa mgonjwa hadi Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikasafirishwa kwenye chupa ya kuhifadhia baridi hadi Antwerp, Ubelgiji. Ndiyo iliyotoa kirusi cha Ebola. Kwa miaka mingi hadithi ya ugunduzi huo ilisimuliwa kana kwamba ilianzia maabara ya Ulaya, na yule aliyeshika mkono wa mgonjwa akawa hatajwi.

Lakini hakuishia hapo. Damu ya mtu aliyepona Ebola kwenye mlipuko wa Kikwit, Kongo, wa 1995 ilitoa kingamwili (chembe za kinga ya mwili) iliyotengenezewa dawa kwa ushirikiano wa Muyembe na watafiti wa Marekani. Ilijaribiwa Kongo kwenyewe, na mwaka 2020 ikaidhinishwa Marekani. Muyembe baadaye alisema waziwazi kwamba damu inayokusanywa Kongo ibaki Kongo, na anayetaka kuitafiti aende huko.

Msomaji_wa_Sheria

Naongeza: si kuna Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014? Ni makubaliano ya kimataifa kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, yaani vinasaba vya viumbe. Mtajie hiyo.

Mtu_wa_Maabara

Hapo tahadhari ndugu yangu. Nagoya haigusi rasilimali za kijenetiki za binadamu. Damu ya mtoto kama damu haimo. Vimelea vilivyomo ndani ya damu ni habari nyingine, na ndipo mabishano yanapoanzia. Akiitaja vibaya watamrekebisha kwenye aya ya kwanza na hoja yake nzima itayumba. Mfano unaomfaa ni wa Indonesia. Mwaka 2007 ilisimamisha kupeleka virusi vya mafua ya ndege kwenye mtandao wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ikilalamika kwamba chanjo zinatengenezwa kwa virusi vyake na yenyewe haiwezi kuzinunua. Ilishutumiwa sana. Lakini mwaka 2011 nchi wanachama wa WHO zilipitisha utaratibu wa kugawana virusi vya mafua pamoja na manufaa yake. Kilichosaidia ni kwamba waliuliza wakati mzigo bado uko mikononi mwao.

Mama_Maadili

Wanangu, nimekaa kwenye kamati ya maadili miaka mingi. Mleta uzi, kabla ya yote, chukua fomu ya ridhaa uliyowasomea wazazi. Isome tena polepole, kama vile ni mara ya kwanza. Tafuta mambo mawili: je, iliwaambia damu inaweza kuhifadhiwa na kutumika kwa utafiti mwingine? Na je, iliwaambia inaweza kutoka nje ya nchi?

Kama haikusema, hapo si suala la jina lako tena. Ni ahadi uliyoitoa wewe kwa mdomo wako, mbele ya mzazi aliyeweka dole gumba.

Mdodosaji

Shikamoo mama. Nimeipata. Inasema: "Damu ya mtoto wako itapimwa vimelea vya malaria na wingi wa damu." Kuhusu kuhifadhi haisemi kitu, na kuhusu kusafirisha haisemi kitu. Ukurasa wa pili kuna sentensi: "Matokeo ya utafiti huu yatarudishwa kwa jamii." Sentensi hii nimeisoma kwa sauti mara nyingi sana hadi nikaacha kuisikia.

Mama_Maadili

Marahaba mwanangu. Basi "uchambuzi zaidi" haumo kwenye ridhaa. Anayeutaka arudi kamati ya maadili na ombi la marekebisho, aeleze ni uchambuzi gani. Kamati inaweza kuruhusu, inaweza kutaka wazazi waombwe upya, inaweza kukataa. Wewe huna mamlaka ya kuruhusu wala kukataa, na hiyo ndiyo kinga yako. Huna haja ya kusema "sitaki". Andika: "Naomba namba ya kibali kinachohusu usafirishaji huu ili niiambatishe." Ni swali la karani, halina matusi, na halijibiki bila kibali.

Na hiyo sentensi ya kurudisha matokeo, ishike. Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kilianza nalo mwaka 1964, kwenye toleo la 2013 linasema washiriki wote wa utafiti wa tiba wapewe fursa ya kuelezwa matokeo ya jumla. Yule mama anadai kitu chake.

Mchumi_Mtulivu

Nimechelewa lakini nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Hiyo rasimu umeisoma? Nakusudia majedwali, si ukurasa wa majina.

Nauliza kwa sababu kwenye utafiti wa kaya, kipato ndicho kitu kinachoharibika kwanza. Mchambuzi yuko mbali, ana faili lenye safu ya tarakimu na jina fupi juu yake. Hajui ulibadilisha swali wala kwa nini. Angalia kipimo chao cha "gharama kubwa kupita uwezo wa kaya". Hiyo ni gharama ya matibabu ikilinganishwa na kipato au matumizi, kwa hiyo ukikosea kipato, kila kitu chini yake kimekosewa.

Mdodosaji

Mchumi, nimekaa nayo usiku kucha.

Jedwali la 3 wameandika "kipato cha mwezi". Kwenye maelezo ya mbinu wanasema wamechukua kipato kilichotajwa na kugawanya kwa 12. Lakini swali letu liliuliza tangu mavuno yaliyopita, na vijiji vyote tulivyofika vinavuna mara mbili kwa mwaka. Kipato cha takriban miezi sita wamekifanya cha mwaka. Kaya zote zimeonekana na nusu ya kipato chake, na ndipo wakahitimisha kwamba familia nyingi zinafilisika kwa homa moja ya mtoto.

Wanaweza kuwa sahihi kwamba inaumiza. Nimewaona waliouza mbuzi. Lakini tarakimu hii si ya kweli, na ikitoka hivi itaingia kwenye mipango ya watu kama ilivyo.

Mchumi_Mtulivu

Huo ndio uhakiki wenyewe. Umetimiza kigezo cha pili bila kumwomba mtu. Waandikie kwa utulivu: ukurasa, jedwali, swali lilivyokuwa, tarehe lilipobadilishwa, na hesabu inavyopaswa kuwa. Wasimamie wao uamuzi wa kurekebisha, lakini iwe imeandikwa kwamba ulisema. Omba pia nakala ya faili la data lisilo na majina ya wahojiwa, kwa sababu humo mna makala ya pili kuhusu namna ya kuuliza kipato kwa wakulima, na mtu wa kuiandika ni wewe. Ada ya kuchapisha isikutishe. Majarida mengi ya wazi, yaani yanayosomwa bure, hupunguza au kufuta ada kwa watafiti wa nchi za kipato cha chini, ila uombe siku unayowasilisha, maana makala ikishakubaliwa mara nyingi hawasikilizi.

Karatasi_na_Kalamu

Uliza pia wanapeleka jarida gani. Majarida ya PLOS, kwa mfano, tangu 2021 huweza kuwataka waandishi waliofanya utafiti kwenye nchi nyingine wajaze maswali kuhusu vibali na ushiriki wa watafiti wa hapo. Majibu hayo huchapishwa pamoja na makala.

Mdodosaji

Nimeandika hivi, nisahihishieni:

"Asante kwa rasimu. Nimeihakiki na nimeambatisha maoni, likiwemo kosa la kipato kwenye Jedwali la 3. Kwa kuwa niliandika sehemu ya kipato (barua na kiambatisho vimo), naomba kushiriki kwenye matoleo yanayofuata hadi la mwisho, kwa mujibu wa vigezo vya uandishi vya jarida. Kuhusu sampuli, naomba namba ya kibali cha maadili na mkataba wa kuhamisha sampuli kabla ya kuzifunga. Naomba pia tupange tarehe ya kurudisha matokeo vijijini kama fomu ya ridhaa ilivyoahidi. Nasikitika sana kwamba mchango wangu haukuthaminiwa."

Mama_Maadili

Toa sentensi ya mwisho. Halafu tuma, na nakala kwa mtafiti kiongozi wa upande wenu, asije akasikia kwa wengine.

Mdodosaji (baada ya siku nne)

Nimejibiwa. Mchambuzi mwenyewe ndiye aliyeandika kwanza, ameniomba radhi kuhusu Jedwali la 3 na ananiomba nimweleze dodoso lote swali kwa swali. Mtafiti mkuu amenitumia rasimu inayohaririwa na kuniambia nafasi yangu kwenye orodha tutaizungumza nikimaliza kuhakiki. Bado si ahadi, lakini sasa nimo ndani ya faili. Sampuli zimesimama, kibali hakikuwepo. Kuhusu mkataba wangu hakuna aliyegusia.

Bajeti ya kurudisha matokeo wanasema haikuwekwa. Kiongozi wetu ametoa gari kwa siku mbili, kwa hiyo tutaanza na vijiji vinne, na cha yule mama kimo. Mwenye mfano wa namna ya kumweleza mzazi matokeo ya jumla, bila asilimia wala majedwali, naomba auweke hapa kabla ya Alhamisi.

Mama_Maadili

Ninao tuliowahi kuutumia, ukurasa mmoja na michoro. Nautafuta usiku huu nauweka.