Mrejesho: mluzi wa amplifaya umekwisha

Wakuu, niliuliza kuhusu ule mluzi kwenye spika za gari uliokuwa unapanda kila nikikanyaga mafuta. Umekwisha. Aliyesema nianze na ethi (waya unaounganisha amplifaya na bodi ya gari) alilenga penyewe: waya wa ethi wa amplifaya ulikuwa umebanwa juu ya rangi, chini ya boliti ya siti. Nimepiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaufupisha waya usizidi nusu mita, nikakaza. Mluzi ukashuka sana, ukabaki kwa mbali tu. Huo nao uliondoka nilipohamishia waya za RCA (zinazopeleka sauti kutoka redio hadi kwenye amplifaya) upande wa pili, mbali na waya mnene wa betri. Geini (kiwango cha amplifaya cha kukuza sauti) nimeishusha kidogo. Kichujio cha kelele sijanunua, na kwa sasa sioni cha kuchuja.