Mrejesho: Breki ya mbele iliyokuwa inang'ang'ania na kuchemka

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu gari langu la mwaka 1998: tairi la mbele kushoto linashika breki lenyewe, rimu inachemka hadi harufu ya kuungua inaingia ndani, hasa nikimaliza mteremko wa Kitonga.

Fundi wa kwanza alibadilisha kalipa (kifaa kinachobana breki) na padi zake. Pesa ikaenda, tatizo likabaki.

Jumamosi tukapiga jeki gari likiwa bado limeshika. Tairi haligeuki hata kwa mikono miwili. Tukalegeza mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa) pale unapoungana na paipu ya chuma: bado. Tukafungua nati ya kutolea upepo kwenye kalipa, mafuta yakaruka, tairi likazunguka palepale! Kumbe presha ilinaswa kwenye mpira. Kwa nje ni mzima kabisa, ila ndani umevimba. Ukikanyaga unapitisha mafuta, ukiachia hauyarudishi.

Nimebadilisha mipira yote miwili ya mbele, tukaweka mafuta mapya ya breki aina ya DOT 3 na kutoa upepo. Nimeenda Iringa na kurudi. Nagusa rimu zote mbili, joto ni moja. Mkuu uliyenisihi nisinunue masta silinda (pampu kuu ya breki) kwanza, asante sana.