Mtoto wa kaka yangu hataki tena kwenda shule kwa sababu ya kundi la WhatsApp

Mama wa Pasiansi
Ndugu zangu, ninamlea mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka 15 aliye kidato cha pili hapa Ilemela, Mwanza. Mwezi uliopita mwenzake alimpiga picha akiwa amebeba ndoo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, akaisambaza katika kundi la darasa pamoja na kejeli kuhusu harufu. Tangu hapo anaoga mara tatu kwa siku, usiku halali, na kila asubuhi ya shule tumbo humuuma. Nilimnyang'anya simu nikidhani nimemaliza tatizo, lakini amezidi kujifungia chumbani. Je, nilikosea?

Mwalimu, Nyegezi
Pole sana, dada. Tumbo hilo usilipuuze, kwani mtoto mwenye hofu mara nyingi huumwa mwili kabla hajaweza kuitamka aibu yake. Kejeli za zamani ziliishia getini. Hizi humfuata hadi kitandani, na hata asipozisoma anajua kwamba darasa zima linazisoma. Simu mrudishie. Watoto wengi huficha mateso kwa kuogopa kunyang'anywa simu, na kwa kweli aliyeadhibiwa hapa ni yule aliyekosewa. Hifadhini ujumbe wote ukiwa na tarehe kabla haujafutwa, kisha mwone mwalimu wa malezi. Akitaka kuzungumza na mtu asiyemfahamu, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Mkazi wa Igoma
Mimi ningekwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa anayemnyanyasa mwenzake mtandaoni, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Kijana wa Kirumba
Kaka, sheria ipo, lakini waliofanya hivi nao ni watoto, kwa hiyo ningeanza na shule na wazazi wao. Nikiwa kidato cha tatu, sauti yangu yenye kigugumizi ilirekodiwa na kusambazwa, nami nikaacha kabisa kujibu maswali darasani. Aliyeirekodi hakuniumiza kama rafiki yangu wa karibu aliyeisikiliza akanyamaza. Shangazi, muulize ni nani katika kundi hilo alimtetea, hata kwa neno moja, umwalike nyumbani.

Mama wa Pasiansi
Asanteni. Jana usiku nilimrudishia simu na kumwomba radhi, akanionyesha mwenyewe ujumbe mwingine ambao sikuujua, wa tangu Januari. Kesho tunakwenda shuleni pamoja.