Mjadala: Shule yenye msiba ibomolewe, ifungwe, au iachwe watu waingie waone?

Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili hili kwa utulivu maana linagusa wafiwa, na humu najua wamo.

Jana mdogo wangu kanitumia video ya vijana wameingia kwenye shule iliyohamwa kule Pripyat, Ukraine, ule mji waliohamishwa watu wote tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka. Sakafuni rundo la barakoa za gesi, na juu ya dawati kakalishwa mwanasesere naye kavalishwa barakoa. Dogo kaandika "kaka hii ndo elimu yenyewe". Nikamwambia hapana, mambo mengi mule ndani yamepangwa na wageni ili picha itoke, hilo limeshasemwa sana. Basi tukabishana kwenye grupu la familia mpaka saa sita usiku, yeye anasema majengo ya hivi yaachwe wazi kila mtu aingie na kamera yake, shangazi akaingia akasema yabomolewe yote, penye msiba si pa kwenda kutembea. Mi sikubaliani na yeyote kati yao.

Nipo Japani mwaka wa sita sasa, nahangaika na magari used. Mwaka jana nilipelekwa na jamaa mmoja kuiona shule ya msingi Okawa, mji wa Ishinomaki. Wasioijua niwape kwa ufupi. Tarehe 11 Machi 2011 saa 8:46 mchana lilipiga tetemeko lile kubwa. Shule ipo kama kilomita 4 kutoka baharini, pembeni ya mto Kitakami, na kwenye ramani ya hatari ya serikali ilionekana ni eneo salama, tena ndo mahali pa kukimbilia. Walimu wakawatoa watoto uwanjani, wakawapanga, wakaanza kujadiliana waende wapi. Dakika zikapita karibu 50. Mwishoni wakaondoka kuelekea sehemu iliyoinuka kidogo karibu na daraja, yaani upande ule ule wa mto, na maji ya tsunami yakawakuta njiani. Ilikuwa saa 9:37. Kati ya wanafunzi 108 wa shule ile 74 walifariki au hawakuonekana tena, na walimu 10 waliokuwa nao. Mwalimu aliyepona kati ya waliokuwepo pale ni mmoja tu.

Sasa hayo yote nilikuwa nimeyasoma kabla. Kilichonimaliza ni kilima. Kipo nyuma ya shule, yaani NYUMA KABISA, si mbali, toka uwanjani nilitembea mwenyewe sijui kama dakika mbili zilifika, watoto walikuwa wanakipanda kwenye masomo yao kuotesha uyoga. Nimesimama pale uwanjani nikageuka nikakiona nikashindwa kuongea, na jamaa yangu naye kakaa kimya anaangalia chini. Hakuna ripoti inayoweza kukuonyesha kitu kile. Unatakiwa usimame pale miguu yako iguse ule uwanja, upime kwa macho, ndo unaelewa kwanini wazazi walikataa kuambiwa kuwa hii ni kazi ya Mungu tu. Familia za watoto 23 zilienda mahakamani wakashinda, mwaka 2019 mahakama ya juu ikatupa rufaa ya jiji na mkoa, zikaamriwa kulipa zaidi ya yeni bilioni 1.4.

Na jengo lenyewe bado lipo. Madirisha hayana vioo, kuta za matofali zimepasuliwa, korido ya juu iliyounganisha majengo mawili imelala ubavu na nondo zimejikunja kama kamba. Upande wa nje kuna ukuta waliouchora wanafunzi waliokuwa wanamaliza, rangi bado zinaonekana. Huingii ndani, unazunguka kwa nje na kuna uzio. Na wanaowatembeza wageni baadhi ni wazazi wenyewe waliozika watoto wao.

Shangazi yangu angekuwa Ishinomaki asingekuwa peke yake. Wapo wafiwa waliosema tunaumia kila tukipita, bomoeni. Wapo waliosoma pale, wakiwemo watoto walionusurika, wakasema mkilibomoa nani atatuamini. Walivutana miaka. Mwaka 2016 jiji likaamua jengo zima libaki, na kwenye mpango wakaweka kupanda miti kulizunguka ili asiyetaka kuliona asilione. Hilo la miti mi ndo limenishika hasa. Hawakumwambia mama aliyefiwa "vumilia".

Kuna na shule nyingine, Arahama pale Sendai, hiyo unaingia mpaka madarasani na kupanda juu, maana watu 320 walikimbilia ghorofa za juu na paani wakapona. Kwahiyo hakuna kanuni moja, inategemea ndani kulitokea nini na wenye msiba wanasemaje.

Narudi nyumbani sasa. Shauritanga, Rombo, tarehe 18 Juni 1994, mabinti 43 walikufa kwa moto bwenini, mi nilikuwa mdogo nakumbuka watu wazima wamekaa kimya mbele ya redio. Na jirani zetu Kenya, Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirishani kuna nondo. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Miaka 30 hiyo na kila moto ukitokea tunauliza yale yale, nondo zilikuwepo? mlango ulifunguka? vitanda vilibanana? Alafu tume inaundwa, na wiki mbili mbele hakuna anayeuliza tena.

Mi nasema hata kama bweni lote haliwezekani kubaki, ibaki hata fremu moja ya dirisha na nondo zake, pale pale ilipokuwa, na kila mkuu wa shule mpya apelekwe aishike kwa mkono wake kabla hajakabidhiwa ufunguo wa bweni. Na anayepeleka watu awe mzazi au mwanafunzi aliyepona, kama wenyewe wanataka. Wasipotaka basi, mjadala umefungwa, libomolewe. Ila waulizwe! Huku kwetu ni mara ngapi mzazi kaulizwa? Najua kuna atakayesema hela hiyo bora ijenge madarasa. Nakuelewa mkuu, lakini kuacha dirisha moja limesimama ni gharama gani.

Na nyie vijana wa kuingia usiku kwenye majengo na tochi kichwani mnarekodi, naomba hapo muache. Kuhama kwa watu hakujaifanya shule ikose mwenyewe, na paa la miaka 20 bila matengenezo halikujui.

Ningependa sana kusikia walimu wa bweni, na waliowahi kupoteza ndugu shuleni. Nyie mngetaka jengo lifanywe nini?